Jiwe la Msingi la Programu ya Upepo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye leo kwa bahati njema ni mimi mwenyewe, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, viongozi wa dini mliotufungulia kwa sala fupi kuliko nilivyoagiza, uongozi wa mwalo huu wa kupokelea samaki, Bwana Hiren, muuza nyavu, uliyetupatia turubai na viti vya meza kuu, akina mama mlioacha dagaa zenu juani kwa ajili yangu, wazee wangu, shikamooni! (Wazee: "Marahaba!") Itifaki imezingatiwa, na kama kuna mkubwa nimemsahau, ajue si mkubwa sana. (Kicheko meza kuu.)

Ndugu wananchi, mimi Antoni Malimi, Mratibu Mkuu wa Mageuzi ya Kidijitali ya Mialo, nimefunga safari kutoka mjini, nikavumilia pale Mkuyuni foleni ya magari isiyojali vyeo, ili niwawekee jiwe la msingi la Mfumo wa Onyo la Upepo, yaani programu ya kompyuta ya kusoma vipimo vya hali ya hewa na kumpigia mvuvi simu kabla dhoruba haijamkuta ziwani. (Vigelegele.) Mnauliza programu inawekewaje jiwe la msingi? Hilo ni swali la watu wasiosafiri. Jiwe hilo hapo, lina jina langu, na linasomeka hata ukiwa kwenye mtumbwi.

Mfumo huu, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu shirikishi tulioufanyia hotelini, ni wa zile lugha za kompyuta za fankshen. Najua hamzijui, mimi mwenyewe nimezijua juzi. Humo kila kipande cha programu ni kama mashine ya kusaga: mahindi yale yale yakiingia, unga ule ule unatoka, leo na kesho, wala mashine haiendi kuvuruga mambo ya jirani. Ndiyo maana makosa huwa machache na ni rahisi kuyakamata. Hayo alitueleza binti yetu Amondi, mtaalamu wa kompyuta kutoka Buswelu. Akasema vipande safi viachiwe kupiga hesabu, na kazi ya kugusa dunia, yaani kupokea vipimo na kupiga simu, itengwe kwenye kipande kimoja pembeni. Kamati yangu ikashtuka. Kama usafi ndiyo sifa, huo uchafu wa pembeni ni wa nini? Tukaazimia kwa kauli moja uondolewe. (Makofi, meza kuu peke yake.) Amondi akasema, "Mheshimiwa, mkiondoa hicho, itahesabu upepo halafu ikae kimya." Nikamwambia, binti, kukaa kimya ni nidhamu. Akaaga, na tangu hapo amani vikaoni imepanda kwa asilimia mia.

Tena baadhi ya lugha hizi hazifanyi hesabu mpaka atokee mtu anayehitaji jibu. Wataalamu wenyewe wanauita uvivu, nasi tumeuingiza kwenye mpango mkakati, ambako hadi leo umetekelezwa kwa asilimia tisini na nne. (Kicheko nyuma.) Mnaocheka huko, nitayataka majina yenu.

(Mwanamke anasimama.) Naam, mama, jitambulishe, kwa kifupi. ("Mimi Selestina, nauza dagaa hapa hapa. Mume wangu Odoyo yuko ziwani tangu asubuhi, na wingu lile la upande wa Ukerewe silipendi. Alikuwa haendi akiona wingu la hivyo. Leo kaenda kwa sababu mlituandikisha namba za simu, mkatuambia tusiogope, tutapigiwa. Basi mpigieni, Mheshimiwa. Mpigieni sasa hivi.")

(Turubai linapigwapigwa na upepo.) Mama Selestina, hisia zako nimezipokea, lakini tusileteane taharuki kwenye shughuli ya serikali. Wingu ni taarifa isiyo rasmi. (Watu wanainuka, wanaelekea majini.) Kaeni! Jamani, kaeni, utepe bado haujakatwa! Hata wewe Mwenyekiti wa Mtaa? Bwana Hiren, shika nguzo hiyo.

Basi nimalizie na waliobaki. Nikisema "Onyo la Upepo", semeni "Linafika kabla!" Onyo la Upepo! (Mpiga picha: "Linafika kabla.") Fankshen safi, ziwa salama! (Mpiga picha anakunja vifaa vyake.)

Kwa namna ya pekee nawashukuru wahandisi walioandika mfumo huu kwa ustadi mkubwa, ambao nafasi zao za kazi zitatangazwa mara bajeti itakapopitishwa. Naishukuru kompyuta ya mfumo, iliyo kwenye mchakato wa manunuzi. Na nawashukuru ninyi kwa namba zenu za simu, zilizotusaidia sana kuwaalika hapa leo. Mama Selestina, unakwenda wapi, maji yamekufika magotini! Rudi uchukue fulana yako ya uzinduzi. Namba ya Odoyo ni ya kwanza kabisa, na siku mfumo utakapokuwepo, yeye ndiye atakayepigiwa kabla ya wote. Asanteni kwa kunisikiliza.