Pua ya Lori na Heshima ya Sikio Langu

Mheshimiwa Meneja wa Karakana,

Salamu nyingi, na natumaini mgongo wako umepata nafuu. Mimi mzima wa mwili, ila moyo hauko sawa. Nimesoma tangazo ulilobandika kwenye mlango wa stoo, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna lori litakalotoka hapa kwa neno langu pekee, mpaka Binti wa Kompyuta alipime kwanza. Mimi ndiye Fundi Sikio. Jina hilo sikujipa. Nilipewa na madereva, kwa sababu injini ilikuwa ikipita barabarani naitajia ugonjwa wake nikiwa chooni. Tangazo lako limeniuma, na naomba ulibandue kwa sababu zifuatazo.

1. Lori la kokoto lilikuja likiwa halina nguvu mlimani. Nililisikiliza, nikasema ni tabo, ile inayoisukumia injini hewa. Tukabadilisha tabo, lori likarudi vilevile. Nikasema basi ni nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Tukabadilisha nozeli, likarudi. Nilikuwa nimekaribia kabisa kuupata ugonjwa, ndipo Binti akachomeka waya wake. Mwenye lori angevumilia vipuri viwili vitatu zaidi tungefika. Mvumilivu hula mbivu.

2. Binti hakuisikiliza injini hata kidogo. Alilipakia lori kokoto, akapanda nalo kilima cha nyuma ya karakana huku kompyuta ikirekodi kila kitu, kisha akatuonyesha mistari miwili. Mmoja ni hewa ambayo injini ilistahili kuvuta kwa mzunguko ule na msukumo ule wa tabo. Wa pili ni hewa iliyoripotiwa na sensa ya hewa, kile kifaa cha kupimia ambacho sisi mafundi tunakiita pua. Lori likiwa limesimama linanguruma tu, mistari inakwenda pamoja kama maharusi. Lilipoanza kupanda, mmoja ukapanda, wa pua ukalala. Eti pua inaripoti hewa pungufu, na injini kwa kuiamini inajinyima dizeli. Mheshimiwa, yeye mwenyewe amekiri kwamba pua hiyo ikitulia inasema kweli. Nani asiyekosea kidogo akibebeshwa mzigo na kupandishwa mlima? Kifaa kilichozeekea kazini kinastahili heshima, si kuchorewa mistari mbele ya watu.

3. Hili ndilo kubwa. Nilikuwa nimesimama na mafundi wenzangu wawili, grenda ikikata chuma pembeni, mwenye lori akauliza tatizo ni nini. Binti akatugeukia, akasema mbele ya mteja: "Tatizo ni hawa." Wenzangu, badala ya kukasirika, walitikisa vichwa kukubali. Tangu siku hiyo simsemeshi.

4. Baada ya hapo heshima imekwisha kabisa. Asubuhi, jenereta ikishawashwa, vijana hawanisalimu. Wananipita wakichezesha midomo kama wanaotafuna. Juzi dereva alirudisha lori nyuma bila kupiga honi, nusura anikanyage. Eti alipiga. Karakana nzima ikaapa kwamba alipiga. Njama imefika mpaka nyumbani kwangu, ambako mke wangu hunishika bega kwa hasira, eti ameniita hadi amechoka.

5. Injini za siku hizi zimefanywa kimya makusudi ili kutuondoa wazee kazini. Lori la kokoto, baada ya kuwekewa pua mpya, liliondoka kimya, likapanda kilima na shehena yake yote kama halina kitu. Injini isiyolalamika ina jambo inaloficha.

Kwa hiyo naomba kompyuta ifungiwe stoo, pua ya zamani irudishwe kwenye lori mpaka utetezi wake usikilizwe, na kilima kile kisipimiwe tena magari, maana ndicho chanzo cha fitina yote. Ikishindikana, unieleze nifanye kazi gani hapa. Sina kazi nyingine ninayoijua, wala jina lingine.

Wasalimie mama watoto, mlinzi wa lango, na mhasibu, ambaye umwambie aache kuninong'oneza.

Ni mimi mtiifu wako,
Fundi Sikio

Tanbihi: Majibu naomba yawe ya maandishi. Usinipigie simu, yangu imeharibika, inaonyesha mtu anaongea lakini sauti haitoki. Ukiwa na haraka mwambie Binti. Yeye huniandikia kwa chaki kwenye mlango wa lori, na mwandiko wake, nisiwe mnafiki, ni mzuri. Jana aliniandikia tena yale aliyoyasema siku ile, kwa herufi kubwa: TATIZO NI HEWA. Nimesogea karibu nikasoma tena. Ni E, si A. Mheshimiwa, kukiwa kimya bado nasikia. Kelele zikianza ndipo mstari wangu unapolala. Tangazo liache palepale, na kama unajua wanakopima masikio, mwambie Binti aniandikie.