Robota la Nguo Ishirini na Sita

Jumatatu, 10 Julai 1995. Bariadi.

Nimechaguliwa! Meneja wetu, Bwana Bundala, ametangaza mbele ya jineri nzima, kiwanda chetu cha kuchambua pamba. Wawili tutasafiri naye: mimi Dastan, karani wa mizani, na Felisita, mpanga madaraja, anayetenga pamba safi huku, fifi, ile iliyochafuka, huku. Semina Arusha, kisha Tanga bandarini kuona marobota yetu yakipakiwa melini. Tangu soko liwe huria, kampuni inataka watu wanaojua pamba inaishia wapi. Tukirudi, mmoja wetu atakuwa msimamizi wa vituo vyote vya kununulia. Atapewa na pikipiki! Nyekundu. Iko stoo, nimeshaikalia mara mbili.

Mama mkwe wangu kule Mwamapalala nimemtumia salamu kwamba Jumapili ya tarehe 23 nitafika kwa pikipiki. Kwa hiyo kushindwa haiwezekani.

Sharti la meneja: gari dogo, kila mtu mzigo mmoja. Na msimamizi ni mtu wa kuvaa kulingana na mahali, kasema. Arusha mwezi huu ni baridi. Tanga ni jasho.

Jumanne, 11 Julai

Nimeshinda kwa Salu wa mitumba. Miaka ile ya uhaba tulipanga foleni ya shati, tukatoka wote na rangi moja. Leo belo likifunguliwa unachagua mpaka mikono inachoka. Nimechukua sweta saba, bukta tatu za Tanga, suti mbili, koti refu la manyoya la watu wa theluji. Ukijumlisha na za nyumbani, vipande ishirini na sita. Sanduku limekataa kufunga. Nimelikalia. Monika, mke wangu, amelikalia. Jirani Mwandu amelikalia, naye ni kilo tisini, nimempima mwenyewe. Bawaba ikaruka. Monika akauliza kama nahama.

Jioni nikapita kwa Felisita eti kumsalimia. Ukweli nilikwenda kupeleleza. Mzigo wake tayari: kikapu kimoja cha ukindu. Kitenge, gauni, sweta, kandambili na doti ya khanga. Basi! Nikauliza nyingine ziko wapi. Akasema ndizo hizo. Namheshimu huyu mama. Kwa pamba hana mpinzani, anashika bonge akiwa amefumba macho na kukuambia limetoka kituo gani. Lakini safari haijui, maskini. Nimemhurumia njia nzima.

Jumatano, 12 Julai

Akili yangu wakati mwingine inanitisha. Nilikuwa mizanini, naangalia mashine ya kufungia marobota. Pamba ya kujaza chumba inaingia, kinatoka kitu cha kuegemea ukutani. Nikajiuliza: pamba na nguo si ndugu?

Machibya, fundi wa mashine, alikataa. Nikamsifu. Akakataa kidogo. Nikamwahidi kumpakia kwenye pikipiki kila Jumamosi. Akakubali. Watu walipokwenda kula, nguo zote zikaingia. Mashine ikaguna. Likatoka robota dogo kama debe, limevishwa gunia, mikanda mitano ya chuma, na muhuri wa jineri juu. Zuri mno! Nimelizunguka mara tatu. Machibya alikuwa anasema jambo kuhusu mkasi wa kukatia mikanda, lakini mimi nilikuwa nalishangaa robota.

Alhamisi, 13 Julai

Tumeondoka alfajiri. Nikawaamkia wote kwa Kisukuma: mwangaluka! Robota limebebwa na watu wawili. Meneja kaligonga kwa kiatu, kasema hajawahi kuona kijana anayejua kufunga mzigo hivi. Nikavimba. Felisita naye kasifu kazi, halafu kauliza litafunguliwaje. Wivu huo.

Nyashimo tulisimama kunywa chai. Wachuuzi wakalizunguka gari, wakauliza belo linafunguliwa saa ngapi.

Ijumaa, 14 Julai. Singida.

Upepo na vumbi. Bado nina shati la mikono mifupi nililoondoka nalo, maana nilipanga kubadilisha njiani. Mikanda nimeijaribu kwa mikono. Kwa meno. Kwa kisu cha mama muuza mishikaki, kikavunjika, nikaomba radhi sana. Kwa jeki ya gari, dereva Sayi akanirukia na kusema hiyo jeki ndiyo roho zetu sote.

Felisita amejitanda khanga moja, vumbi halikumgusa. Nyingine kaifanya shuka. Nakiri, amepanga vizuri kwa mtu asiye na mashine.

Jumatatu, 17 Julai. Arusha.

Baridi gani hii jamani! Manyunyu na ukungu tangu juzi. Nina sweta saba na koti la manyoya hatua moja kutoka kitandani, na siwezi kuvaa hata soksi. Jana nimelikumbatia robota. Halina joto lolote.

Leo semina. Kila mtu asimame aeleze kituo chake. Nikasimama. Meno yakagongana, hata jina la Bariadi halikutoka. Meneja akaangalia chini. Pikipiki nikaiona inaondoka hivi hivi. Kisha akasimama Felisita: gauni, sweta, khanga mabegani imekunjwa ukadhani fundi kaishona. Akaeleza safi na fifi mpaka watu wa mikoa mingine wakatoa kalamu. Nilipiga makofi kwa moyo wote, na mikono ikapata joto kidogo.

Baadaye akaniita pembeni. Hakunicheka. Akaniamuru niizungushe khanga ya pili kifuani, chini ya shati. Nilitaka kulia. Nikamshukuru kwa Kisukuma: wabeja, mayu. Ni mtu mwema kabisa, na ndilo tatizo langu.

Jumatano, 19 Julai. Tanga.

Nisingeandika haya, lakini nimeapa kuandika yote.

Bandarini, wapagazi waliuona muhuri wa jineri kwenye mzigo wangu. Wakaushusha garini, wakaupanga mstarini na marobota ya kampuni. Mimi nilikuwa natafuta maji ya kunywa. Narudi, nakuta wanunuzi wa kigeni wamesimama na meneja mbele ya robota langu. Kawaida ni kuchana gunia na kuvuta sampuli. Akaitwa Felisita avute. Akavuta. Soksi.

Mnunuzi akaagiza mikanda ikatwe. Hapo mkasi ulikuwepo! Pu! Nguo zikaruka kama bisi, koti la manyoya likamtua mgeni kichwani. Meneja akauliza kwa sauti ndogo robota hilo ni la nani. Felisita akasema ni nguo za safari za mwenzetu, pamba ndiyo hii hapa, akavuta sampuli ya kweli na kuwawekea mkononi. Mgeni, bado na koti kichwani, akauliza soksi ni daraja gani. Felisita akaikagua kwa makini, akasema fifi. Wakacheka wote, wakainunua pamba. Nilicheka na mimi. Alistahili.

Lakini wapagazi walishaanza kuchagua saizi. Kufika kwangu zimebaki sweta saba na koti. Bukta zote zimekwenda!

Jumapili, 23 Julai. Bariadi.

Felisita ndiye msimamizi. Nimempa mkono. Anaendesha pikipiki vizuri, kikapu kimefungwa nyuma.

Akasema anapita Mwamapalala kukagua kituo, nipande. Nikapanda, na koti la manyoya, lisipotee bure. Kwa hiyo nilifika kwa pikipiki kama nilivyoahidi! Mama mkwe alitoka na vigelegele, kuku mkononi. Akasimama mbali nami kwa heshima, kama inavyopasa. Kuku akampa dereva wa pikipiki.

Jumatatu, 24 Julai

Nimekaa nikatafuta kosa liko wapi. Ni moja tu: hatukuwa na mkasi. Basi nimenunua wangu, mpya, mkubwa, unakata mkanda wowote. Desemba kuna semina Mbeya. Nguo nimeshampelekea Machibya. Na mkasi nimemwambia auweke katikati kabisa ya robota, usije ukapotea njiani.