Koti Lililobeba Macho ya Mtaa

Haya kanisimulia wifi yangu, fundi cherehani, wiki iliyopita akinipima gauni, pini zimemjaa mdomoni. Penye kosa, zilaumuni pini.

Palikuwa na kijana wakimwita Ulimi-Laini, aliyeweza kumuuzia kuku yai lake mwenyewe. Siku moja yuko foleni kwenye duka la dawa, akamsikia muuzaji akimwonya mzee mmoja: "Babu, dawa ya macho usiimimine kwenye chupa nyingine. Chupa hii wameshaipima kiwandani. Kuna plastiki hunywa ile dawa inayozuia vijidudu, halafu vinazaliana humo humo."

Mwenzenu aliposikia "plastiki hunywa," hakungoja mengine. Nusu ya habari humshibisha mwenye njaa ya hila.

Kesho yake, koti jeupe la kinyozi mgongoni, akapita mlango kwa mlango. "Plastiki inawanywea dawa! Nipeni hizo, niwape iliyookolewa, iko kwenye kioo!" Iliyookolewa ilikuwa maji ya birika. Dawa za watu zikatua mifukoni mwake. Sokoni mchuuzi alishaahidi kuzinunua.

Saa nne akamfikia wifi. Naye bila dawa ile hatungi uzi sindanoni, na asiposhona hapati kula.

"Kizibo cha chupa yako ni cha nini, mwanangu?"

"Cha plastiki, mama."

"Nacho hakinywi?"

"Hiki kimefunga, mama."

Wifi akaitikia kwa kichwa kama aliyeelimika. "Haya. Ninazo kumi, ngoja nizitafute. Ila daktari mzima, mshono umefumuka, kwapa nje? Vua koti nilitie uzi."

Kumi! Tamaa ikamvua koti kabla ya mikono.

Kwenye chumba cha ndani cherehani ikanguruma. Wifi akazichomoa chupa zote, kila moja imebandikwa jina la jirani. Akajaza vifungo vya nguo na vigurudumu vya uzi, akaishona midomo ya mifuko kwa uzi maradufu.

"Zako zimo, na kumi zangu. Nimeshona zisidondoke. Mji huu una wezi, baba."

"Wengi mno, mama!" akasema kwa uchungu, akaondoka anachekelea.

Sokoni mchuuzi akafumua mshono. Vifungo vikamwagika mezani. Akainua kimoja, chekundu, chenye matundu manne.

"Hiki ni cha jicho la nani?"

Kufikia adhuhuri kila jirani alikuwa na chupa yake. Ulimi-Laini akarudi kwake macho yanawasha kwa vumbi. Akajidondoshea maji yake ya birika, mteja pekee aliyejua alichouziwa. Hayakusaidia. Akafumba macho kidogo tu, jua likiwa utosini, akapitiwa na usingizi, kifungo chekundu mkononi.