Paji la Uso la Mama Faili

Inatangazwa kwa wote, wenye makunyanzi na wanaoyasubiri, kwamba Idara ya Vipodozi vya Bei Nafuu imeanza zoezi la kutathmini seramu za kuondoa makunyanzi. Uamuzi huo wa busara ulipitishwa baada ya kubainika kuwa wananchi wanajinunulia ujana kwenye meza za kando ya barabara bila idhini ya mamlaka yoyote. Kanuni aliziandika Mkurugenzi mwenyewe. Kanuni kuu ilisema kuwa kiambato chochote kitakachothibitika kudhuru ngozi kitatengwa na watu na kuhifadhiwa mahali pakavu, penye giza na ubaridi. Aliisoma mara mbili kwa sauti, maana ilimpendeza.

Kilichokosekana ni uso. Wa Mkurugenzi haukufaa, kwa kuwa makunyanzi yake yalikuwa ya cheo. Kwa bahati, mlangoni alikuwa amesimama Mama Faili, mtunza masjala, na ombi lake la likizo mkononi. Bintiye alikuwa amejifungua, na bibi mtu hajamwona mjukuu wake wa kwanza hata ukucha.

"Likizo baada ya utafiti," alisema Mkurugenzi, akilitazama paji lake kama fundi anayetazama ukuta wenye nyufa. "Kuanzia sasa uso wako ni mali ya umma."

"Na sehemu iliyobaki, bosi, haiwezi kwenda likizo?"

"Usilete mzaha kazini."

Makunyanzi matatu yakajipanga kwenye paji la Mama Faili. Mkemia wa idara akayapima papo hapo, akasema ni vielelezo safi sana.

Seramu iliyochaguliwa iliitwa Kijana Tena. Mkemia, mtu mpole aliyezoea kusema kweli bila kujua madhara yake, alieleza yaliyomo: maji mengi, gliserini, manukato, na vitamini C kiasi cha kumwonjesha paka.

"Gliserini inasaidia ngozi kavu," alisema. "Hayo mengine ni matumaini."

Ili matokeo yasichafuliwe, Mkurugenzi alitoa waraka: Mama Faili asifokewe, asitumwe, wala asiulizwe faili lililopotezwa na mtu mwingine. Yeye mwenyewe, kwa kujitoa mhanga, akawa anapitia mlango wa nyuma ili asionane naye. Mama Faili akatolewa kule masjala, chini kabisa ya jengo, akawekwa dirishani kwenye kiti cha wageni. Akakaa hapo uso unang'aa seramu, akimfumia mjukuu kofia. Kwa mara ya kwanza aliusikia ukimya wa ofisi ile, akauona mtamu.

Makunyanzi yakaondoka. Mkurugenzi nusura aruke. Alishaanza kujiona Kamishna. Hata suti alishaipeleka kwa fundi.

"Kijana Tena inafanya kazi!" aliitangazia Bodi.

Lakini Mwenyekiti wa Bodi, mama mmoja asiyependa porojo, akataka kujua ni kiambato kipi hasa. Basi vikaondolewa kimoja kimoja. Manukato yakaondolewa, paji shwari. Vitamini ikaondolewa, paji shwari. Gliserini ilipoondolewa mashavu yalikauka kidogo, lakini paji likabaki limenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Mwishowe Mama Faili akawa hapakwi kitu chochote, na paji halikujali.

Bodi ikaitwa. Mama Faili akaketishwa mbele ya kamera ya kukuzia, paji lake likaonekana ukutani, kubwa kama mlango. Mkemia akakohoa.

"Waheshimiwa, tumeondoa vyote. Ila kuna kimoja tulikiondoa mwanzoni, kwa waraka, na hatujakirudisha."

Hapo Mkurugenzi akaingia, kachelewa, jasho linamtoka. "Mama Faili! Hotuba yangu umeiweka wapi?"

Ukutani, makunyanzi matatu yakarudi mbio kama mbuzi walioona zizi.

"Hebu toka nje kidogo," alisema Mwenyekiti.

"Mimi?"

"Wewe."

Akatoka. Paji likanyooka.

"Ingia."

Hayo, yamerudi.

"Toka. Ingia. Toka tena." Wajumbe wakaanza kuombana zamu, kama watoto waliogundua swichi ya taa. Mama Faili alijitahidi asicheke, akashindwa.

"Kamera hiyo ni mbovu!" Mkurugenzi alihema kutoka mlangoni.

"Uliiidhinisha wewe. Na kanuni aliandika nani?"

"Mimi," alijibu, na kwa mazoea akavuta kifua mbele.

Kanuni ikafuatwa neno kwa neno. Mkurugenzi alithibitika kuwa kiambato chenye madhara, akatengwa na watu na kuhifadhiwa masjala, chumba kikavu, chenye giza na ubaridi, alimokaa Mama Faili miaka yote bila mtu kuuliza kama kinamdhuru. Mlangoni pakabandikwa lebo: Usitikise. Kikiingia machoni, osha kwa maji mengi.

Mama Faili alishuka kumkabidhi funguo, likizo yake imeshasainiwa na kofia ya mjukuu ikiwa mkobani. Alimkuta kaketi katikati ya mafaili, vumbi hadi kwenye nyusi, na simu inalia, huko juu wanadai faili lililopotea.

"Mama," alisema kwa unyonge, "ile Kijana Tena, haijabaki hata tone?"

Mama Faili alimwonea huruma, huruma ya kweli kabisa. Akainama, akalikagua paji lake.

"Imebaki, mwanangu. Utapewa baada ya utafiti."

Makunyanzi matatu yakajipanga kwenye paji la Mkurugenzi. Yale ya mwanzo yalikuwa ya cheo. Haya yalikuwa ya kazi.