Maandamano Yenye Adabu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeandamana kwa mara ya kwanza maishani. Nimeona kasoro kumi na moja. Nimeziandika nyuma ya kalenda.

Sababu ni hii. Baraza la mji linataka kuifunga zahanati ya mtaa wetu mwisho wa mwezi, kiwanja chake kiwe maegesho ya magari. Mke wangu ni mkunga pale, mwaka wa kumi na nne sasa. Ikifungwa, anahamishiwa hospitali ya mpakani, safari ya siku nzima. Mimi ni mchoraji wa mabango ya maduka. Mikono yangu inajua herufi, haijui kupika wala kutandika kitanda. Na hata ingejua. Nyumba bila yeye ni kuta nne na mamamkwe.

Basi nikaenda. Tulikuwa thelathini na wawili. Tulisimama katikati ya barabara kuu, mbele ya ofisi za baraza, tukapiga kelele saa mbili nzima. Kinyozi wa pale kona alishika kipaza sauti. Ana sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole. Dereva mmoja wa lori alitutukana mpaka pumzi ikamwishia. Mama mmoja alivuka upande wa pili ili asitupite karibu, na mtoto aliyembeba mgongoni alizaliwa mikononi mwa mke wangu mwenyewe.

Hapo nikang'amua. Watu hawatuchukii, wanatuogopa. Huwezi kupiga teke mlango wa jirani kisha ukamwomba chumvi. Maandamano yetu hayana adabu.

Nimemweleza Mwalimu, mwenyekiti wetu. Ni mwalimu mstaafu, ndiye aliyenifundisha kuandika darasa la kwanza, na bado ananitazama vilevile. Amesema sawa, nijaribu kesho. Kinyozi ameuliza kama sina kazi nyingine. Wivu.

Jumanne, 4 Machi

Nimechora bango la upole. SAMAHANI KWA USUMBUFU. Herufi nyekundu, kila moja urefu wa mkono, na kivuli cha manjano. Kitambaa kikaniishia, kwa hiyo ule ujumbe kwamba zahanati isifungwe niliubana chini pembeni, kwa herufi za ukubwa wa maharage.

Tulilitandaza barabarani saa tatu asubuhi. Madereva walisoma maneno makubwa, wakadhani barabara inatengenezwa, wakageuza. Hakuna aliyetukana. Nilifurahi sana kwa robo saa. Kisha askari wa barabarani akaja kutusaidia, akaelekeza magari yote njia ya sokoni tangu mbali. Kufikia saa nne hapakuwa na gari, baiskeli wala mtu. Tukaandamana mbele ya mbwa mmoja aliyelala.

Kinyozi alisema angalau mbwa hakupinga.

Mke wangu aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. Baadaye akasema herufi ni nzuri kweli. Nimeliandika hilo kwa sababu hasemi ovyo.

Jumatano, 5 Machi

Kosa la jana ni kwamba watu hawakuja. Leo nimewaleta. Nilimwomba binamu yangu na kikundi chake cha matarumbeta watusindikize, nikawaambia waandamanaji wavae nguo za kupendeza na watabasamu.

Mafanikio ya kutisha. Kwenye mzunguko wa kwanza tulikuwa mia mbili. Akina mama walitoka madukani wakipiga vigelegele, mafundi cherehani wakaacha nguo mashineni. Watu walicheza mpaka vumbi likatimka. Niliona machozi ya furaha. Kisha bibi mmoja akanishika mkono akaniuliza bibi harusi yuko wapi.

Nilikuwa nafungua mdomo kumjibu ndipo mke wangu akatokea. Anatoka zamu, kavaa sare nyeupe, kachoka. Umati ukashangilia. Kabla hajauliza kulikoni walishambeba juu juu wakamleta hadi kwangu, wakatusimamisha bega kwa bega. Tumeoana miaka ishirini. Kinyozi akapanda juu ya kreti aeleze habari za zahanati kwa kipaza sauti. Wakamchukulia kuwa mshereheshaji, wakamwomba afupishe hotuba.

Tumepewa chupa mbili za chai na blanketi. Sikukataa. Mtu hakatai zawadi hadharani.

Nilitarajia mke wangu anigombeze. Hakunigombeza. Wakati wa kula alisema amefurahi kubebwa, kwa sababu leo ameletewa barua ya uhamisho, na asingebebwa labda angeanguka. Kisha akainuka kuosha vyombo. Mamamkwe akaacha kutafuna.

Alhamisi, 6 Machi

Barua imenitia moto. Mpango mpya: kila mwandamanaji amchukue mpita njia mmoja, amsalimu, ambebee mzigo, na njiani amweleze kwa upole. Nani atamchukia mtu aliyembebea kikapu?

Hakuna aliyechukia. Tatizo ni kwamba kila mtu alienda na kikapu chake. Saa nne na nusu barabarani alibaki Mwalimu peke yake na kengele ya shule. Kinyozi alifika hadi stendi na begi la msafiri, akakuta basi linaondoka, akalazimika kulikimbiza. Mimi nilimbebea mama mmoja godoro hadi ghorofa ya nne, nikimweleza mateso ya mtaa ngazi kwa ngazi. Kule juu alinishukuru sana. Akasema yeye ni mgeni, kahamia juzi, na angependa pia kabati lipande.

Kabati lilipanda.

Jioni Mwalimu aliniita kando. Alinisifu kwa moyo wangu, nikajua kuna jambo. Akasema kesho nisibuni kitu chochote. Mamamkwe wangu ameomba kuja, na magoti yake hayawezi kusimama, kwa hiyo kazi yangu ni moja tu: nilete kiti.

Kiti. Mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Nilileta kiti. Nilikiweka kwenye kivuli, kando ya mlango wa ofisi za baraza, mamamkwe akakaa na daftari lake la mambo ya chama cha akina mama. Halafu nikarudi nyumbani mbio. Sikuvunja ahadi. Mwalimu alikataza kubuni leo, na hili nililibuni jana: mtoto mchanga wa maboksi na karatasi, urefu wa mlango, mashavu ya waridi, mwenye kuteka mioyo. Urefu wa mlango ulikuwa ndio kosa: alikwama mlangoni. Nilimkata miguu, nikatoka naye saa saba.

Nilikuta foleni. Ilianza kwenye kiti cha mamamkwe, ikapita ofisi za baraza, ikakunja kwenye duka la vioo, ikapotea kuelekea sokoni. Kimya, watu wamejipanga vizuri, wengine wanapeana maji. Nikaelekea mbele na mtoto wangu. Watu wakanizuia. Nikawaambia mimi ni kiongozi. Wakasema viongozi ndio wanaojulikana kwa kujipenyeza, niende nyuma.

Nikaenda nyuma. Mbele yangu alikuwa yule dereva wa lori wa Jumatatu. Nilimuuliza ni foleni ya nini. Akasema asubuhi mtu alisimama kumwamkia yule bibi kwenye kiti, mwingine akasimama nyuma yake akidhani kuna kitu kinagawiwa, na mambo yakawa hayo. Nikamuuliza mbona ameshajua hakuna kinachogawiwa na bado amesimama. Akaangalia viatu vyake. Akasema watoto wake mapacha walizaliwa pale zahanati, mmoja alikuja hapumui, na mkunga mmoja hakukubali kumwachia. Sasa anacheza mpira.

Sikumwambia mkunga huyo ni nani. Alinisaidia kumshika mtoto wa karatasi.

Baada ya muda wa saa tatu nikafika mbele. Nilimwona mamamkwe akifanya kazi. Mtu anainama, anasema shikamoo. Yeye anajibu, "Marahaba, mwanangu. Ulizaliwa wapi?" Mtu akitaja zahanati, anapewa kalamu aandike jina lake. Basi. Hakuna bango, hakuna tarumbeta. Daftari lilikuwa limejaa, wameanza la pili.

Mlinzi wa baraza alikuwa keshaandika. Karani pia. Dereva wa mkurugenzi pia. Mwishowe mkurugenzi mwenyewe akashuka kuwatafuta watu wake. Aliamkia, si angefanyaje, na yeye akaulizwa. Akajibu kwamba hakuzaliwa hapa.

"Basi simama hapa ubavuni kwangu, baba," mamamkwe akamwambia, "uwaone waliozaliwa."

Alisimama hadi ofisi zikafungwa.

Ilipofika zamu yangu mamamkwe aliniuliza kama wengine. Nilisahau kwamba ananijua. Niliandika jina langu kwa herufi zangu nzuri kuliko zote.

Jumatatu, 10 Machi

Tangazo limebandikwa mlangoni: zahanati inabaki, uhamisho umefutwa. Herufi mbovu, nafasi hazilingani, lakini nimelisoma mara nne.

Mke wangu alilisoma mara moja, akasema amechelewa zamu, akaenda kazini. Alipofika kwenye kona alirukaruka kidogo, akidhani hakuna anayemwona. Nilitazama mpaka alipoingia.

Tumekunywa chai mbele ya kibanda cha kinyozi, mtaa mzima. Kinyozi amemnyoa dereva wa lori bure, naye amempakia kila aliyetaka kuzungushwa mjini. Mwalimu alitoa shukrani. Kwa mamamkwe, dakika kumi. Kwangu, kwa kiti. Nadhani alikuwa anaficha hisia.

Jumanne, 11 Machi

Wamekuja wajumbe wa mtaa wa pili. Bomba lao la maji limekauka miezi mitatu na wanataka kuandamana. Walimuulizia mamamkwe. Niliwaambia amepumzika, na kwamba wamekosea tu mtaalamu: yeye ndiye anayekaa, mimi ndiye ninayebuni. Walitazamana. Nadhani walivutiwa.

Kabla chai yao haijapoa nilikuwa na jibu. Tatizo la maandamano ya dunia nzima ni kwamba mwananchi akitoka nyumbani anaona migongo inayopita. Nani anaweza kuupenda mgongo? Waandamanaji wa maji watatembea kinyumenyume, wote, wakitabasamu, ili kila anayeachwa nyuma aone nyuso zao mpaka mwisho.

Nimefanya mazoezi uani asubuhi hii. Nimeangusha kamba ya nguo na ndoo mbili. Mke wangu yuko jikoni na mama yake, nawasikia wanacheka, bila shaka kwa jambo lao wenyewe. Bado sijajua tutaonaje tunakokwenda. Hilo ni dogo. Nitamwachia kinyozi.