Lavenda ya Mama Mkwe na Mbuzi wa Jirani

Jamani, leo nimejidhalilisha mchana kweupe, tena kwa sauti.

Mnajua habari za lavenda yangu (nimewachosha nayo vya kutosha). Ndoo sita kuukuu za rangi, nimezitoboa chini, zimejipanga nyuma ya nyumba hapa Nyanga. Niliipanda kwa ajili ya mama mkwe, tuliyemleta kutoka Kimwani baada ya baba mkwe kufariki. Tangu amzike mumewe, halali. Nikasoma mahali kwamba harufu ya lavenda huleta usingizi, nikaapa kumshonea mto wa maua hayo. Sikumwambia. Nilitaka nimshtukize.

Lavenda na mvua za Bukoba haviivani. Yenyewe inataka jua, mchanga na maji kidogo. Basi miezi yote hii mawingu yakitanda naingiza ndoo barazani, jua likitoka nazitoa. (Mume wangu anasema yeye akinyeshewa hakuna anayekimbia.) Wiki hii ikachanua, zambarau tupu. Nikapanga kuvuna kesho.

Leo jumuiya ilikuwa inasali kwangu, nikaenda sokoni kununua sukari ya chai. Narudi, ndoo zote sita zimenyolewa. Hakuna ua hata moja.

Sikuuliza mtu. Nilijua ni mbuzi wa jirani yangu Ma Adventina, yule aliyewahi kula kanga yangu kwenye kamba. Nikabeba fimbo. Nikamkuta Ma Adventina kwake na akina mama wanne wa jumuiya, wamevaa sare, wanajiandaa kuja kwangu. Nikabwata yote: mbuzi mwizi, majirani wasiofunga mifugo, mto wa mama mkwe. (Rozari nilikuwa nayo. Mkono wa pili.)

Ma Adventina akaniacha nimalize. Kisha akanishika mkono, akanipeleka bandani. Mbuzi amelala, pembeni vitoto viwili bado vimelowa.

"Amezaa asubuhi hii, waitu, ndugu yangu," akasema. "Hajatoka humu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ikabidi niongozane nao hadi kwangu, fimbo nimeificha ndani ya kanga. Mlangoni harufu ikatupokea. Sebule nzima imetandazwa lavenda, kama nyumba za Kihaya zilivyotandazwa nyasi zamani wageni wakija. Mama mkwe amepiga magoti, anapanga kona ya mwisho.

"Mwanangu, wageni wako wasikute sakafu tupu," akaniambia. "Nimekata zile nyasi zako zinazonukia. Nimebakiza majani mabichi chini, zitachipua."

Nyasi zangu. Niliingia jikoni nikalia kidogo, nikacheka kidogo, kisha nikatoka kumwomba Ma Adventina msamaha mbele ya wote.

Tukaanza rozari. Tendo la tatu, nikasikia mkoromo. Mama mkwe ameegemea ukuta, miguu kainyoosha juu ya maua, kinywa wazi. Miezi yote hii sijawahi kumwona hivyo. Nikanyoosha mkono nimwamshe (aibu jamani, mbele ya wageni), Ma Adventina akaudaka.

"Mwache," akanong'ona. "Mungu anaelewa."

Rozari tukaimaliza kwa kunong'ona, na chai wakainywea nje, karibu na zile ndoo zangu zenye vipara.

Nawaandikia hapa nikiwa nimekaa kizingitini. Wanaotaka kucheka wacheke, ila polepole. Mama bado amelala.