Mjumbe Niliyemweka Nyuma ya Kwaya

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama. Nawaandikia ninyi wenzangu mlioko Iringa kabla habari haijawafikia kwa midomo ya madereva, maana wale wataongeza chumvi. Mimi nitaeleza kwa utaratibu, moja baada ya jingine. (Utaratibu ndio ulioniponza, lakini sijui namna nyingine ya kueleza.)

Mnajua mimi ni karani wa chama cha wakulima wa pareto hapa kijijini, ukishapita Lyamkena kwenye barabara ya Makambako kwenda Njombe. Mnajua pia shida yetu. Mvua zilipoanza, mto ulibeba daraja letu la magogo. Tangu hapo pareto ya ng'ambo inaota ukungu ghalani, na wagonjwa wanaokwenda hospitali ya misheni wanavushwa mgongoni. Basi kutoka Makambako likifika kwetu linageuza. Abiria anayetaka Njombe anavua viatu.

Sasa jana basi lilipokuwa linageuza, dereva alitoa kichwa dirishani akapiga kelele: "Karani! Mjumbe wenu wa Baraza la Kutunga Sheria anakuja kesho asubuhi. Mjiandae!"

Nikaruka kwa furaha. Basi lilikuwa limeshapotea kwenye kona nilipokumbuka kuuliza: Mjumbe yupi?

Maana tunao watatu! Siku ya kura, sisi wachache tuliokuwa na sifa za kupiga (na mimi nikiwamo, kijiji hakijanisikia nikinyamaza tangu siku ile) tuliambiwa kila mtu achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ukimwacha hata mmoja, kura yako yote imeharibika. Nikachagua watatu kwa majina. Sura zao sijawahi kuziona.

Mzee Mtewele, mkubwa wa kijiji chetu, aliniita kwake jioni ile ile.

"Karani, anakuja yupi?"

"Sijui, Mzee."

"Si wewe uliyewachagua?"

"Niliwachagua, Mzee, lakini sikuambiwa watagawanaje njia."

Mzee akatikisa kichwa. "Yaani mtu ana ng'ombe watatu, na hamjui hata mmoja rangi yake."

Tukakubaliana hivi: Mjumbe lazima atakuja kwa motokaa, na motokaa lazima itoke Makambako, kwa sababu upande wa Njombe mto umefunga. Basi atakayeshuka kwenye motokaa asubuhi ndiye. Hesabu safi kabisa. (Hesabu yangu mwenyewe. Msisahau.)

Asubuhi tukajipanga. Kwaya mbele, wazee katikati, mimi na hotuba yangu ya daraja pembeni. Kijiji kizima kilitazama Makambako na kuupa mto kisogo. Kuku wawili walikuwa wameshachinjwa, na ugali unasongwa. Mitungi ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ilifichwa nyuma ya ghala, ili mwinjilisti wetu asiione.

Ikaja Landrova. Akashuka Mzungu mrefu mwenye kofia, anatabasamu.

Kwaya ikalipuka! Mzee akamshika mkono akimsalimu kikwetu, "Kamwene, kamwene!" Mzungu naye akaitika "Kamwene" vizuri tu. Akakalishwa kwenye kiti cha kanisani, akaletewa maji ya kunawa, kisha ugali na kuku.

Mtauliza kwa nini hatukumwuliza yeye ni nani. Wenzangu, mmekaa mjini mpaka mmesahau kwenu? Mgeni haulizwi jina wala haja kabla hajala. Ukimwuliza akiwa na njaa, ni kama umemwambia aondoke. Kwa hiyo sisi wote tulisimama tukimtazama anavyotafuna, naye akatafuna, na kila mfupa alioumaliza niliuhesabu kuwa ni nguzo ya daraja.

Akanawa. Nikasimama. Nikasoma hotuba yote, kuanzia siku mto ulipofurika hadi maombi yetu kwa Serikali. Nikainama.

"Daraja?" akasema Mzungu. "Daraja sina. Mimi ninauza mashine za kusaga mahindi. Kuna mtu anataka mashine?"

Hakuna aliyetaka mashine. Akashukuru sana kwa chakula, akasema hajawahi kupokewa vile mahali popote anapouza mashine, akapanda Landrova akaondoka.

"Karani," akasema Mzee Mtewele polepole, "kuku mmoja amekwenda."

Hatujakaa sawa, likaja lori. Akashuka Mhindi mfupi, amevaa koti na kofia nyeusi, anatazama huku na huku kama mtu mwenye madaraka. Kwaya ikaanza, safari hii kwa tahadhari, sauti ya kwanza tu.

Yeye akainua mikono yote miwili. "Jamani, jamani, mimi siye! Sijui mnamngoja nani, lakini siye mimi!"

Nikababaika. Nikamgeukia Mzee. "Mzee, anakataa."

"Mkubwa wa kweli hajitangazi," akanong'ona Mzee. "Yule wa kwanza alinyamaza, akawa si yeye. Huyu anakataa. Mlete chakula."

Nakiri kwamba kwa saa ile maneno hayo yalikuwa na akili kubwa. Mhindi akalishwa kuku wa pili, akiendelea kukataa kati ya tonge na tonge, na kadiri alivyokataa ndivyo tulivyozidi kumheshimu. Alipomaliza nikasoma hotuba yangu mara ya pili. Nilifika pale pa pareto kuota ukungu, Mhindi akapiga meza kwa ngumi.

"Kweli kabisa!" akasema. "Hili daraja hata mimi nalitaka! Mimi ni mfanyabiashara, nakwenda Manda kununua dagaa, nilisimama kuwauliza kama lori litavuka. Sasa nitafikaje ziwani?"

Akakaa pale pale, lori lake likakaa pale pale, na kuku hakuna.

Wenzangu, hapo nilichanganyikiwa hasa. Anayenyamaza si Mjumbe. Anayekataa si Mjumbe. Sasa Mjumbe anatambuliwa kwa lipi? Nikawaza kwamba kosa letu ni hiyo desturi. Tunalisha kwanza, tunauliza baadaye. Nikaamua, mimi karani, peke yangu, bila kumwuliza mzee yeyote: anayefuata ataulizwa kwanza.

Anayefuata hakuja kwa motokaa. Hakutoka hata Makambako. Nilisikia tu mtu anakohoa nyuma yetu, upande wa mtoni. Nikageuka. Mwafrika wa makamo, miguu mitupu, viatu kavitundika shingoni kwa kamba zake, mkoba wa ngozi kichwani, na suruali imelowa matope hadi mapajani.

"Kamwene," akasema.

Nikamwacha bila kuitika. (Mama yangu mzazi angesikia!) Nikamwuliza:

"Wewe nani? Unauza nini?"

"Siuzi kitu, ndugu yangu."

"Mkobani mna nini?"

"Karatasi."

"Karatasi za nini? Bima? Kodi?"

"Hapana. Mimi nimekuja kuwaona tu."

"Hata wale wamekuja kutuona tu," nikamwambia, "na kuku wamekwisha. Sikiliza, Bwana. Hapa tunamngoja Mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Kaa kule nyuma ya kwaya, na akifika usije ukamsumbua na shida zako binafsi. Tumepanga. Kuna hotuba."

Yule bwana akaitikia kwa kichwa. Akaenda akakaa juu ya jiwe nyuma ya kwaya, karibu na Mama Ezekia, mwanakwaya wa safu ya mwisho. Mimi nikarudi kuitazama Makambako.

Tukangoja. Jua likapanda. Nyuma yangu nilisikia Mama Ezekia akizungumza na mgeni, na kwa kuwa masikio yangu hayana adabu, niliyasikia yote.

"Umevuka wapi, baba?"

"Pale penye gogo lililolala."

"Hapo pazuri leo. Juzi usingevuka. Mke wa mwanangu alishikwa na uchungu, tukamchukua kwa machela. Tulipofika, mto umejaa. Tukangoja upungue. Mtoto hakungoja. Alizaliwa pale pale kwenye majani, mvua inanyesha, tumemfunika kwa machela."

"Wazima?"

"Mtoto mzima. Mama yake mpaka leo homa haijamwacha, na hospitali iko ng'ambo."

Mgeni akamwuliza mto ukijaa unamfika mtu wapi, wanavukaje na machela, nani mwingine amepatwa na jambo kama hilo. Wanawake wakamsogelea. Kila mmoja na lake. Kwaya nzima ikanipa kisogo! Nikakasirika.

"Kina mama, pangeni mstari! Mjumbe atatukuta hivi?" Nikamwendea yule bwana. "Na wewe nilikwambia ukae. Unawavurugia watu kwaya."

Hapo ndipo mnunuzi wa dagaa, aliyekuwa amesinzia kivulini mwa lori lake, alipoamka na kelele zangu. Akatazama. Akasimama kwa haraka, akavua kofia.

"Mheshimiwa! Kumbe uko hapa! Nilikusikiliza Iringa kwenye mkutano!"

Mimi nilitazama nyuma, nikitumaini kuna mtu mwingine amesimama. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mto tu.

Mheshimiwa akainuka kwenye jiwe. Akalitaja jina lake, lile lile nililolichagua. Alilala Njombe, akasema, motokaa ikamleta mpaka ukingoni ikashindwa, dereva kabaki nayo ng'ambo, naye akavuka kwa miguu.

"Mheshimiwa," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "mimi nilikupigia kura."

"Asante sana," akasema. "Ndiyo maana nilikaa uliponiambia nikae."

Wanawake! Walicheka mpaka mmoja akashikilia mti. Mzee Mtewele alifunika uso kwa kofia yake, mabega yakimtikisika.

Nikatoa hotuba yangu mfukoni ili niokoe kilichobaki. Mheshimiwa akainua mkono. "Hiyo iache, Karani. Nimeshaisikia kwa Mama Ezekia, nayo ilikuwa fupi." Akaletewa viazi vya kuchemsha. Akala bila kulalamika. Ulanzi ulitolewa hadharani, mwinjilisti akatazama mawingu.

Alipomaliza alituambia jambo. Habari ya daraja hili alishaisema Dar es Salaam, wakamjibu kwamba mto wetu ni kijito, mtu anakiruka. Akajitazama mapajani. "Sasa nataka wapime wenyewe. Nani ataniazima suruali? Hii nitaifunga kama ilivyo, na matope yake, niiweke mbele yao."

Watu wote wakanigeukia mimi. Hata yule Mhindi.

Ninayo suruali moja ya heshima, wenzangu, na nilikuwa nimeivaa. Nikaenda kuivulia nyuma ya ghala, kati ya mitungi. Mimi mnene na Mheshimiwa mwembamba, kwa hiyo aliifunga kiunoni kwa kamba ya magunia, akapanda lori la yule Mhindi, lililokuwa linarudi Makambako, ambako watu wengine walikuwa wanamngoja. Kwaya ikaimba mpaka lori likapotea. Mimi niliimba nikiwa ndani ya ghala.

Mke wangu amenipa kitenge chake. Mama Ezekia amepita mlangoni, amechungulia, ameniambia, "Karani, kikikubana sema, nina kikubwa zaidi." Sijui kama daraja litajengwa. Sijui hata kama matope yakikauka yatasema kitu kwa watu wa Dar es Salaam. Ninalolijua ni kwamba mkisikia Baraza limekutana na Mjumbe wetu amesimama ameshika suruali chafu, yeye amevaa yangu, na atakayecheka kati yenu aje kwanza avuke mto.